Mfaransa wa Ghorofa ya Juu

Matrah, Maskati

Mwanangu Thureya,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni kabla hatujaijua skuli, na utanisamehe ukilazimika kusoma polepole. Huyo unayekwenda kukaa kwake Kiswahili anakijua, mimi ndiye niliyemfunza, lakini herufi hizi hakutaka kujifunza. Alisema zinamuumiza macho. Leo nimeushukuru uvivu wake. Barua yoyote itakayoachwa juu ya meza nyumbani kwake ataisoma, na wala hataona kama amefanya kosa.

Habari ya nguo za baridi, chakula na sala sitaigusa. Mjomba wako Saidi aliyekuja kukuchukua keshakueleza yote hayo, na atakuwa nawe mpaka kwake Kuwait, mpaka mlango wa ndege. Mimi na wewe tumegombana vya kutosha wiki hizi juu ya masanduku. Sasa umelala, mlango wa mji umeshafungwa, na kofia niliyokuwa naishona nimeiweka kando. Nataka kukusimulia maisha ya Bi Odili. Unadhani unayajua kwa sababu alikufunza Kifaransa, lakini ulimjua ukiwa mtoto anayelipwa biskuti moja kwa kila neno la Kiswahili alilompelekea. Nilikuwa nikicheka nikikuona unapanda ngazi mbiombio na neno jipya kinywani. Leo silioni la kuchekesha.

Alipokuja kwetu Unguja hukuwa umeanza skuli. Baba yako alikuwa karani forodhani, na ghorofa ya juu ya nyumba yetu ilikuwa tupu tangu bibi yako afariki. Akaja mwanamke mrefu, mkavu, nywele fupi za kiume, ana masanduku mawili na taipureta. Alisema anaandika riwaya. Baba yako akaniambia, "Mtu wa vitabu huyu, hana makuu, tumpe."

Nikamwuliza, "Na mumewe yuko wapi?"

"Nnampangisha nyumba miye, Zuwena, simposi."

Tulicheka. Nyumba yetu ilikuwa ya kucheka siku zile, natumai hilo unalikumbuka.

Sasa fikiri mambo yalivyokuwa. Kwetu mwanamme ana baraza yake na mwanamke ana ndani kwake. Yanayosemwa barazani sisi hatuyasikii, na yanayosemwa ndani wao hawayasikii, na watu waliishi hivyo kwa salama kwa sababu kila upande ulikuwa na mahali pa kutua mzigo. Bi Odili akaja akavuka kote kuwili. Kwa wanaume alihesabiwa mzungu, akawekewa kiti barazani baada ya alasiri, akanywa kahawa na kula kashata pamoja na baba yako na wenzake. Kwa wanawake alihesabiwa mwanamke, akafunguliwa pazia. Katika mji ule mzima hapakuwa na mtu mwingine, mke wala mume, aliyekaa pote pawili kwa siku moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, jamani, hapa pana jambo. Wanaume walimwona mtu wao, nasi tukamwona wetu.

Hakuandika mbele ya watu kamwe. Alikuwa akitoka kwetu, anapanda juu, na baada ya kitambo unasikia taipureta inagonga. Tulikizoea kile kishindo mpaka kikikoma tunauliza kama anaumwa. Mimi niliona zaidi ya wengine, nisijitie ujinga. Niliona kwamba jambo aliloniuliza Jumatatu ataliuliza tena Alkhamisi kwa maneno mengine, apate kuona jibu limegeuka wapi. Niliona kwamba swali la asubuhi limetoka barazani jana. Siku moja aliniuliza, "Zuwena, mwanamke akijua mumewe anataka oa tena, yeye analia au anakasirika?" Palepale nilijua kuna mtu barazani ana mpango wa kuoa. Nilishinda kutwa nawapitia waume za watu mmoja mmoja, na nilianza na wangu. Hakuwa wangu. Lakini Bi Odili alimjua ni nani, na mke wa bwana huyo alikuwa akija kwetu kila siku, anakaa naye mkeka mmoja, anamlisha tende kwa mkono wake. Hakumwambia neno. Alikuwa anamtazama tu anavyocheka.

Utaniuliza kwa nini sikumfungia mlango. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna mtu maishani mwangu aliyewahi kuniuliza jambo akasubiri jibu. Mama yangu aliniamrisha. Mwalimu wangu aliniuliza yaliyomo kitabuni. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwema, lakini akiuliza umeshindaje huku anavua viatu, kabla sijajibu keshaingia chumbani. Huyu alikuwa anakaa mbele yangu, anaweka mikono mapajani, anauliza, halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka useme. Na ukisema anakutazama kana kwamba unayoyasema hayajapata kusemwa na mtu. Nilikuwa mwanamke mbichi bado, mwenye mtoto mmoja na mimba mbili zilizoharibika, na habari za mimba hizo sikuwahi kumsimulia mtu, hata mama yangu. Nilimsimulia yeye. Nilikuwa naamka asubuhi naharakisha kazi za jikoni nipate kuulizwa.

Utakutana na jicho hilo, mwanangu, na wewe si mtoto wa biskuti tena. Utaona raha. Mimi niliona raha, na raha ile mdogo wangu ndiye aliyeilipia.

Zeyana, mdogo wangu huyo, aliolewa wakati Bi Odili keshakuwa kama mtu wa nyumbani. Siku za singo biharusi kafungiwa chumbani, anasuguliwa manukato mwilini na somo yake anayemfunda kutwa nzima, na sisi wanawake tumemzunguka, tunasema mambo ambayo hayavuki pazia. Bi Odili alikuwepo, kakunja miguu kama sisi, anachezea asumini. Zeyana, singo imemjaa mpaka shingoni, akasema, "Huyu bwana mwampa ngozi tu. Roho yangu nshampa yule mwalimu wa skuli na mkoba wake."

Somo yake akampiga kofi la bega. "Nyamaza we, singo itakuingia kinywani!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kila biharusi husema neno kama hilo. Nusu yake mzaha na nusu yake kweli, na hakuna anayeuliza nusu ipi, maana siku ya pili anaingia nyumbani kwake na maisha yanaanza. Na Zeyana maisha yake yalianza vizuri. Mumewe alikuwa akimletea machungwa jioni kutoka sokoni, na yeye alikuwa akimsubiri dirishani.

Kisha kitabu kikatoka. Kwao kilisifiwa, kikapewa tuzo, kikatiwa Kiingereza. Kijana mmoja wa ukoo wa mume wa Zeyana, aliyekuwa akisoma Uingereza, alirudi nacho likizo, akakaa barazani kwetu, nasema barazani kwetu, akawafasiria wanaume ukurasa kwa ukurasa. Nyumba ilikuwa yetu, ngazi zetu, mpaka paka wetu alikuwamo. Jina la Zeyana lilibadilishwa kidogo tu, kama mtu aliyefunika kidevu akaacha uso. Na neno lile lilikuwamo zima, ngozi na roho na mkoba wa mwalimu. Kijana yule anasoma, mume wa Zeyana amekaa palepale na kikombe cha kahawa mkononi, na huko juu taipureta inagonga.

Talaka ilikuja kabla ya magharibi, tatu kwa pamoja. Zeyana aliletwa kwetu na sanduku lake, na alikuwa bado hajui amefanya nini.

Nilipanda ngazi bila hata kuvaa viatu. Nikamwambia, "Umemfanya nini mdogo wangu?"

Alinitazama kwa mshangao, na nakuapia ulikuwa mshangao wa kweli. "Zuwena, ile si Zeyana. Ile riwaya. Maneno mimi nachukua. Mtu mimi natengeneza mwenyewe."

"Maneno uliyachukua wapi?"

"Maneno yako kila mahali," akasema, na akanisogezea kiti nikae, anisikilize namna nilivyokasirika.

Nami nilikaa! Nilikaa, nikamweleza hasira yangu kwa kirefu, na alipokuwa ananisikiliza nikajiona napoa. Baba yako alitaka aondoke siku ileile. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema mgeni hatolewi nje, kwetu haikupata kutokea, watu watatusema. Maneno mazuri, na baba yako alikuwa mtu wa kushindwa na maneno mazuri. Lakini sikuyasema kwa heshima ya mgeni. Niliyasema kwa kuogopa kubaki tena katika nyumba ambayo hapana mtu wa kuniuliza kitu. Zeyana alikuwa chumba cha pili na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Alinisikia nikimtetea yule mwanamke neno kwa neno.

Bi Odili akakaa mwaka mwingine. Hakushuka tena barazani, na wanawake wa jirani wakaacha kuja. Tukabaki mimi na yeye. Na katika mwaka ule nikaamua kumfanyia alivyonifanyia: nikauliza, nikaweka mikono mapajani, nikanyamaza. Usidhani ni jambo gumu. Nilishangaa kuona anasema haraka kuliko mimi.

Alizaliwa kijiji cha milimani, baridi tupu, baba mlevi. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, mashuka ya nyumba za wenye mali, mtoni, na wakati wa baridi huvunja barafu kwanza ndipo achote maji. Mfuaji mashuka anajua mambo yote ya kijiji, nani analala peke yake na nani halali. Jioni alikuwa akimsimulia binti yake huku anajipasha mikono. Binti akakua, akaolewa na mwalimu wa skuli ya palepale, na usiku mumewe akilala huandika juu ya meza ya jikoni. Kitabu cha kwanza kilikuwa mashuka yale. Kilipotoka, hakuna nyumba iliyompa mama yake nguo tena. Yule mama alikufa maskini na hakupata kusema na binti yake. Kitabu cha pili kilikuwa mumewe. Alikisoma, akakifunga, akamwekea sanduku lake nje ya mlango. Cha tatu kilikuwa rafiki yake aliyempa pa kulala mjini. Aliniambia haya yote anacheka, anavuta sigara zake. Katika maisha yake kila nyumba aliyoingia alitoka na kitabu chake na mlango ukafungwa nyuma yake. Nikamwuliza kama hajuti.

"Vitabu vizuri, Zuwena," akasema.

Huenda ni vizuri. Mimi siwezi kujua. Kile cha kwetu nimesikia kurasa zake tatu tu, kwa kinywa cha baba yako, na bei yake ilikuwa talaka ya mdogo wangu.

Alikuwa na mtoto wa kike, jina lake Klea. Huyu hukupata kumsikia wewe, ingawa mlikuwa karibu umri mmoja, na sasa nafikiri ndiyo maana alikuwa hakutazami sana usoni wakati anakufunza. Alimwacha kwa wifi yake, kisha mtoto akapelekwa skuli ya masista. Alikuwa akimwandikia kadi zenye picha za minazi yetu.

Siku moja, adhuhuri, jua linachoma, alishuka mpaka jikoni kwangu na simu ya maandishi mkononi. Hakulia. Alisimama tu mlangoni, na mimi nikajua, maana uso ule nimeuona kwa watu wengi. Klea alikuwa ameumwa kifua, wakamzika kabla habari haijamfika mama yake. Nilimkalisha chini, nikamwosha uso na miguu. Ile hasira yote niliyokuwa nimeilea ilinitoka, nakwambia kweli, nikampakata kichwa chake kama nnavyokupakata wewe. Siku zile alikula kwa mkono wangu. Na akasema. Alisema mara ya mwisho kumwona mtoto ilikuwa kituo cha treni. Klea alishika kifungo cha koti la mama yake, hakutaka kukiachia. Treni ikapiga honi, akajivuta, uzi ukakatika, kifungo kikabaki mkononi mwa mtoto. Koti lile alinionyesha, na najua analo hata leo, lina nafasi tupu kifuani. Utaliona. Hakutaka kushona kingine.

Nilipoona ameanza kupata nguvu nikamwuliza. Sikuwa na ubaya moyoni, nilidhani labda kitamsaidia. Nilikuwa nakoroga mchuzi, nikasema, "Na hili la Klea, utaliandika?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Hiyo? Hapana. Hiyo yangu."

Nilibaki na mwiko hewani. Mchuzi uliungua siku ile, na baba yako aliula bila kuuliza. Kumbe alijua! Miaka yote ile nilikuwa nimemwombea udhuru, mzungu huyu, wenzetu hawana haya kama zetu, hajui kwamba yapo maneno yenye wenyewe. Alijua vizuri. Alijua kwamba lipo jambo ambalo mtu hulifungia ndani na halitoki hata kwa tuzo. Ila hakupata kufikiri kwamba na Zeyana analo.

Aliondoka baada ya mwezi huo, akatubusu sote. Zeyana hakutoka chumbani.

Na habari ya kifungo kile sijapata kumwambia mtu mpaka hii leo. Ningeweza kuisimulia mji mzima, nikalipa kisasi changu kwa mdomo tu. Nakwambia wewe kwa sababu unakwenda kukaa naye, na usiitumie kamwe kumchoma. Nilitaka ujue tu kwamba anaelewa.

Yaliyofuata tuliyaona pamoja, na nitayataja mara moja, kwa herufi hizi, nisirudie. Mapinduzi yalipoingia, na vijana wenye silaha wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuulizia wanaume, baba yako alikuwa chumbani kwangu, na mimi ndiye niliyetoa buibui langu kubwa. Yeye alisema, "Niache nife na kanzu yangu." Nilimwambia ana mtoto. Nilimfunga ushungi kwa mikono yangu, nikamshushia kizoro, kile kitambaa cha kufunika uso, na wewe ukamshika mkono, tukatoka wanawake watatu kuelekea bandarini. Pale penye mtaro kijana mmoja mwenye bunduki alimwona anatatizika na miguu, akaja, akamshika kiwiko akamvusha, akamwambia, "Taratibu, bibi." Alikuwa na adabu yule kijana. Ningependa angelimtukana. Tukano baba yako angelisahau.

Zeyana tulimwomba aje nasi. Alitusindikiza mpaka kwenye ngazi za nyumba tu. Akaniambia, "Nendeni nyiye mnaoweza kuanza upya. Miye nshaandikwa." Mpaka leo yuko kule, na katika kila barua zangu tatu, mbili hazijibu.

Hapa Matrah baba yako alipona mwili. Hukuwa na umri wa kuelewa yote, lakini uliona kwamba hakukaa barazani na wanaume hata siku moja. Walikuja kumwita. Walimwuliza, "Ulitokaje, Bwana Seif?" naye akajibu, "Mungu alinitoa," akarudi ndani. Alikaa katika chumba cha wanawake, mimi na wewe tunashona kofia, yeye anatusomea kwa sauti gazeti kuukuu lililofungiwa sukari, mpaka akafa humo. Alizikwa na watu wasiojua chochote juu yake ila kwamba alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Hiyo ndiyo mali pekee tuliyofanikiwa kumwokolea, mwanangu. Hapana mwanamme duniani anayejua habari ya buibui lile. Ni mimi na wewe, na Zeyana aliyetuona pale ngazini.

Sasa Bi Odili ameandika kwa mjomba wako kule Kuwait. "Mleteni Thureya, nitamsomesha. Naandika kitabu juu ya watu waliotoka visiwani, atanisaidia kukumbuka." Mjomba wako kasota mwaka mzima kupata ruhusa ya wewe kutoka nchi hii, na kila aliponiambia bado, mimi niliona raha na uchungu kwa pamoja. Lakini mwisho wa ile barua, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja ambao mjomba wako aliusoma harakaharaka akaupita: "Nimesikia kwamba Seif alitoka salama. Alitokaje?"

Nilimjua tangu pale. Amesikia harufu. Hajui ni nini, lakini anajua ipo.

Majirani wananiona nimepungukiwa akili. Bi Moza alinijia jana, hata buibui hakuvua: "Ya Zuwena, inti majnuuna? Mtoto wa kike unampeleka Fransa kwa nasara, na hapa khabari zishafika kwamba yule tajiri wa sukari anamtaka?"

Nikamwambia, "Yule wa sukari ana wajukuu wanaomzidi Thureya kimo."

"Si ndo vizuri, hatakusumbua muda mrefu."

Nilicheka, kisha nilipofunga mlango nililia. Nakupeleka kwa sababu hapa hapana skuli ya kukufaa, kwa sababu Kiarabu chetu wanakicheka sokoni, kwa sababu macho yako yameanza kuwa mekundu kwa kushona vitobo vya kofia za watu. Katika dunia nzima mkono mmoja tu umenyooshwa kwako, nao ni ule ule. Simsamehe, na ninamkabidhi mtoto wangu. Hayo mawili yamekaa pamoja kifuani mwangu na usiku huu sijaweza kuyapatanisha.

Na nina hofu moja zaidi, niiseme. Nimekuona jinsi unavyomtazama Bi Moza anapozungumza. Unaweka mikono mapajani. Unanyamaza. Huko ndani yako kuna taipureta inagonga, na sijui nani aliyekupa, yeye juu ghorofani au mimi jikoni. Sitakukataza. Ukiona siku moja lazima uandike juu yetu, andika. Lakini andika kwa lugha ambayo Zeyana anaweza kuisoma, na yeye akisome kitabu hicho kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema hapana iwe hapana, hata kama kitabu ni kizuri. Huyo mwenzako hakupata kufanya hivyo hata mara moja, si kwa mama yake, si kwa mumewe, si kwetu.

Atakuwa mwema kwako. Atakuweka chumba chenye moto, atakununulia vitabu, hatakuuliza kitu mwanzoni. Kisha jioni moja, umeshiba, umemzoea, pengine umenikumbuka mimi na moyo umelainika, atakaa mbele yako, ataweka mikono mapajani, atasema, "Na baba yako, alitokaje?" Halafu atanyamaza. Kimya kile kitakuwa kitamu, Thureya, utaona ukikijaza utapumua. Utamkumbuka baba yako na utatamani mtu mmoja tu ajue jinsi alivyokushika mkono kwa nguvu pale kwenye mtaro.

Hapo tazama koti lake, pale kifuani palipokosa kifungo, na umwambie kwa kile Kifaransa kizuri alichokufunza mwenyewe:

"Hiyo yangu."

Hatauliza mara ya pili. Neno hilo ni lake.

Kesho asubuhi ushungi wako wa safari nitakufunga mimi. Usinikatalie, hata kama umeshakuwa mkubwa.

Mama yako,
Zuwena